Finjani ya Kwanza kwa Aliyetangulia Kuzaliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jiko la hospitali pale Ibra, nilimmwagia Msimamizi dele zima la kahawa kwenye dishdasha, kanzu yake nyeupe. Dele ni lile birika la shaba lenye mdomo kama wa kasuku. Waarabu wa hapa huliita dalla. Nikajua nimeshafukuzwa. Msimamizi akajitazama, akasema, "Bi Zuwena, angalau umeanza na mkubwa."

Ndiye aliyenifunza. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Mimina kidogo, ukimjazia mgeni ni kama unamwambia anywe aende zake. Akitosheka atatikisa finjani. Na ya kwanza apewe mkubwa wa umri, hata kama pembeni amekaa waziri. "Umri haununuliwi," akisema.

Kusoma sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya pili nikaolewa. Lakini tarakimu nazijua, na ndizo zilizoniokoa.

Baada ya miaka sita nikahamia kambi ya watalii karibu na Mintirib, ukingoni mwa mchanga. Mkubwa wangu huko alikuwa Meneja, bwana wa simu mbili na subira nusu. Aliniahidi kunifanya Mkuu wa Jiko. Nilikitaka cheo hicho kama mja mzito anavyotaka embe mbichi.

Basi wakaja Wamarekani, miezi ya kampeni za uchaguzi wao. Wawili siwasahau. Mmoja bwana mnene, mwekundu kama samaki changu, aliyekuwa mwanasiasa kwao, wa chama cha wanaopenda mambo yabaki kama ya zamani. Wa pili bibi mwembamba, mweusi kama mie, mwalimu mstaafu.

Meneja akaninong'oneza, "Finjani ya kwanza kwa Bwana yule. Ana marafiki wa kujaza kambi msimu mzima. Ukiharibu, cheo sahau."

Nikawatazama, umri sikuutambua. Nikaenda ofisini zinakowekwa pasipoti za wageni, nikatafuta miaka ya kuzaliwa. Bibi alimtangulia Bwana kwa miaka mitatu. Nikampa Bibi.

Bwana akacheka, cheko la nyongo. Seifu, dereva wetu mzaliwa wa Tabora, ndiye aliyekuwa akitufasiria. "Anasema, 'Hata huku jangwani! Miaka yote napigana vyuo vikuu visimpe mtu nafasi kwa rangi yake, leo nakuta rangi inapewa kahawa.'"

Bibi akaweka finjani chini. "Bwana, mie nilisoma vitabu vilivyokwisha kuchakazwa na watoto weupe, kurasa zimechanika. Nimesimama foleni maisha yangu yote. Nilipokaribia mlango, nyinyi mkasema foleni yenyewe ni dhulma." Kisha akanigeukia mie. "Na wewe dada, ichukue. Sitaki kahawa ya kuonewa huruma."

Lahaula! Wote wawili wamenitukana kwa finjani moja. Meneja alikuwa mlangoni, uso umemsawijika.

"Seifu," nikasema, "wafasirie, na usitie sukari. Tukipanga watu kwa rangi hapa, wewe na nduguyo wa tumbo moja tutawaweka wapi, mmoja maziwa mmoja mkaa? Sisemi kwetu rangi haisemwi. Mie nimeshaitwa majina sokoni Nizwa, nikayajibu. Lakini kwenye dele langu haisemwi."

Nikazileta pasipoti zao, nikazitandaza mkekani. Nikatia kidole kwenye mwaka. "Huyu katangulia. Angekuwepo kizee mweupe kama jibini, mwenye miaka tisini, ningeanza na yeye."

Bibi akainama, akasoma, akajipiga mapaja kwa kicheko. "Kumbe ninapewa kwa uzee wangu!"

"Ndiyo. Umeufanyia kazi."

Bwana akazidi wekundu. "Na wa pili nani?"

"Wewe."

Akanyoosha mkono. "Lakini habari ya vyuo vikuu bado nasema..."

"Kunywa kwanza," Bibi akamkata, "nitakushinda baadaye."

Wakabishana siku tatu: skuli, polisi, kura. Bwana hakukubali hata moja. Lakini kila asubuhi hakunyoosha mkono mpaka Bibi apate. Siku ya mwisho Bibi akamuuliza, "Kungoja kunaumaje?"

"Si sana. Ni finjani tu."

"Mie niliingoja shule."

Hapo Bwana akaitazama finjani yake mpaka ikapoa. Hakuniomba nyingine.

Meneja hakunisemesha mwezi mzima. Msimu uliofuata wakaja marafiki wa Bwana, gari tano, kila mmoja anashuka pasipoti mkononi ananitolea mie: "Mie wa ngapi?" Meneja alicheka mpaka akakaa mchangani. Nikawa Mkuu wa Jiko, nikakaa na cheo changu mpaka nikastaafu.

Sasa nipo nyumbani Bidiya. Wajukuu hunionyesha kwenye simu Wamarekani wakigombana ugomvi ule ule, na mie humkumbuka Bibi, namwombea aukute mlango wazi. Hapa kwangu mkubwa wa wote ni mie. Mjukuu akisahau akampa mwingine kahawa kwanza, simkemei. Namwambia tu, "Mama, hebu nenda kanitolee pasipoti yangu kabatini."