Jina Moja Kwenye Orodha

Kwanza nieleze mpira wenyewe, maana nikiusimulia kwa wajukuu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Miaka ya sabini alikuja Mzungu kutoka Australia kufundisha uashi katika karakana iliyokuwa nyuma ya kanisa moja Kawangware, hatua chache kutoka kituo cha basi cha 46. Pamoja na pimamaji zake na misumeno yake, alileta mipira miwili ya ngozi yenye umbo la yai. Kwao, alisema, huo ndio mpira. Sisi tuliolelewa na mpira wa matambara na kamba za katani tulimwonea huruma. Mpira wenyewe ukianguka chini unaruka upande unaotaka, kama kuku aliyeponyoka. Unaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao na kuupiga teke, lakini ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono lazima uupige ngumi. Goli lina nguzo nne, halina wavu wala golikipa. Ukiupitisha kati ya nguzo mbili ndefu unapata alama sita. Ukikosa ukapita pembeni, kati ya ndefu na fupi, bado unapewa alama moja. Kule kwetu Kisumu Ndogo, Kibera, jambo hilo lilichekwa wiki nzima. Watu gani hao wanaopewa alama kwa kukosa?

Mimi sikucheka. Nilikuwa golikipa kwa sababu ile ile inayowafanya vijana wengi kuwa magolikipa: miguu yangu ilikuwa ya kutembelea tu. Lakini mikono ninayo. Mpira ukipanda juu mimi naujua utashukia wapi, na nikiugusa haunitoki. Niliposikia kwamba kuna mchezo ambao kila mtu anadaka, niliona Mungu amenikumbuka.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa kinyume changu. Yeye alifanya kazi kwa fundi wa vitanda pale Laini Saba, karibu na reli, na jioni akitoka kazini aliweza kupiga teke gunzi la mahindi likagonga bati la kibanda alichokichagua. Kudaka hakujui kabisa. Ukimrushia chungwa linampiga kifuani.

Sasa lazima nieleze jambo la jina, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa siri ya nyumba yetu. Baba alipotuleta Nairobi kutoka ziwani, barua ya uhamisho wa shule ilikuwa moja tu, ya kaka. Ilipofika siku ya kuipeleka shuleni, kaka alikuwa tayari ameonja kazi ya mbao na hakutaka kusikia habari za dawati. Mimi nilikuwa nakaa nyumbani bila shule wala barua. Baba hakuweza kuvumilia nafasi ipotee, kwa hiyo akanivalisha kaptula, akanipa barua ile, akanionya kwamba kuanzia asubuhi hiyo, nikiwa ndani ya ua wa shule, mimi ni kaka yangu. Haikuwa ajabu sana siku hizo. Nilijua vijana wengine watatu waliosomea majina ya binamu zao.

Basi mwalimu mkuu aliniita kwa jina la kaka, na ripoti ya kila muhula ikaja na jina la kaka juu yake. Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma. Alisimama mlangoni, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele, akafuata mistari kwa kidole mpaka afike kwenye hesabu. Hapo alitikisa kichwa. Alisema nimemwangusha tena, kwamba watu wa Laini Saba wakijua ana alama kama hizo hakuna atakayemwamini na futi ya kupimia. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa wasiwasi. Nilikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa mbele yangu, na mwaka uliotangulia mwalimu mkuu alimfukuza mwanafunzi aliyegunduliwa kuwa na barua ya mtu mwingine. Alimsindikiza mwenyewe hadi getini.

Kocha, ndivyo tulivyomwita yule Mwaustralia, alitangaza kwamba kuna shule ya bweni ng'ambo ya mji ambako mwenzake anafundisha mchezo ule, na kwamba atachagua timu ya kwenda kucheza nao. Nafasi kumi na nane na akiba wanne. Tulijitokeza karibu sitini. Vijana wa Kawangware, wana wa wenye ploti, walikuja na raba miguuni na maneno mengi. Uwanja ulikuwa shamba la babu ya mmoja wao, kwa hiyo waliona timu imeshakuwa yao na sisi wapangaji wa Kibera tumekuja kuwapigia makofi. Mmoja aliniuliza kama nimetoka kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, maana nanuka. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba mama yake bado ana deni. Majaribio yakaanza kwa roho hiyo.

Wanafunzi tuliandikishwa na mwalimu mkuu, aliyepeleka orodha ya shule kwa Kocha. Wasio wanafunzi walijiandikisha wenyewe pale uwanjani. Kocha hakuweza kuyashika majina yetu, kwa hiyo kila mtu alifungwa mgongoni kipande cha gunia chenye namba ya makaa. Kwa Jumamosi tatu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiita namba na alama: ya kudaka, ya teke, ya mbio. Kando yake karani wa karakana, dada mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza kuliko wote niliopata kuuona, alizigeuza namba kuwa majina katika daftari kubwa.

Nilidaka kila kitu. Nilidaka mpira juu ya vichwa vya wana wa wenye ploti, mmoja nikamkanyaga bega bila kukusudia sana. Lakini nilipopewa zamu ya teke, mpira ulienda kanisani. Kaka yangu, siku hiyo hiyo, alipiga mateke matano na yote matano yakapita katikati ya nguzo ndefu. Walipomrushia adake, aliuangusha mara nne.

Orodha ilibandikwa Jumapili kwenye mlango wa karakana. Tulienda pamoja, mimi na kaka, tukasukumana na wengine mpaka mbele. Nililiona jina katika mstari wa tatu. Kaka naye akaliona. Tulipiga kelele pamoja tukakumbatiana. Kisha tukaachiana pamoja, maana jina lilikuwa moja.

Tuliisoma orodha mara ya pili na ya tatu. Jina lile lilikuwa limeandikwa mara moja tu, kwa mwandiko ule mzuri, na halikuwa na namba kando yake.

Njiani kurudi, tulipovuka barabara ya Ngong, kaka ndiye aliyeanza. Alisema tukienda kuuliza ni nani aliyechaguliwa, Kocha atamuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu si mjinga. Mpira ni siku moja, mtihani ni maisha.

"Ingia wewe, omera, ndugu yangu," akasema. "Mimi nitasema niliandika jina tu nikicheza."

Nilikubali. Ningependa kusema kwamba nilibisha kwanza, lakini sikubisha. Nilikubali upesi, na usiku ule nikalala vizuri. Ninaona haya kuyaandika haya, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kilichonivuruga ni wiki iliyofuata. Kila jioni kaka alitoka kwa fundi wa vitanda akaja kunichukua, akanipeleka kando ya reli na mpira wa matambara alioufunga mwenyewe ukawa mrefu kama yai. Akanifundisha teke. Alishika kifundo cha mguu wangu kama anayepima mguu wa kitanda, akanionyesha niuachilie mpira vipi, niutazame vipi, na nilipoupeleka kwenye mtaro aliufuata yeye. Hakunung'unika hata mara moja. Alisema hataki jina lake liende ng'ambo ya mji likaaibike. Alisema kwa mzaha, lakini nilipouangalia uso wake, haukuwa na mzaha wowote. Alhamisi sikuweza kula. Ijumaa nilimchukia kidogo, kwa kuwa mwema namna ile mbele ya macho yangu.

Jumamosi lori lilikuja uwanjani mapema. Mwalimu mkuu ndiye aliyeshika orodha, kwa sababu nusu ya timu walikuwa wanafunzi wake, na karani alikuwa na rundo la jezi zisizo na mikono. Ukiitwa unachukua jezi, unapanda. Kaka alisimama nyuma na washabiki, ambao nao wangepanda baadaye, mikono mfukoni. Mstari wa kwanza ukaitwa. Wa pili. Kisha mwalimu mkuu akasoma jina letu, akainua macho moja kwa moja kwangu, maana yeye alijua ni langu.

Karani alininyooshea jezi. Ilikuwa ya rangi ya kijani. Niliitaka jezi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na miguu ikanikatalia.

"Si mimi, Mwalimu," nikasema. "Mwenye jina hilo ni yule pale nyuma."

Mwalimu mkuu alimtazama kaka, akanitazama mimi. Hata wana wa wenye ploti waligeuka kututazama.

"Na wewe ni nani?"

Nikataja jina langu. Lile nililopewa na nyanya yangu, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa halijatajwa nje ya chumba chetu. Sauti yangu yenyewe ilinishtua. Nilijua nimejifukuza shule, na papo hapo nikahisi kitu kikinishuka mabegani, kama mtu aliyetua debe la maji. Nilitaka kucheka.

Karani alikuwa ameshafungua daftari lake. Alipitisha kidole, akaweka mkono mdomoni.

"Kwani mko wawili?" akasema. "Mimi nilidhani ni mtu amejiandikisha mara mbili. Nikawajumlisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Alichukua alama zangu za kudaka na alama za kaka za teke, akampa mtu mmoja. Kocha alikuwa amechagua, akiwa na furaha nyingi, mchezaji bora kuliko wote, mwenye mikono yangu na miguu ya kaka yangu, na mtu huyo hakuwapo duniani.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwambia kaka achukue jezi apande. Kwangu alisema maneno machache tu: Jumatatu, ofisini. Nilipanda nyuma na washabiki. Tulipofika, kaka alinikabidhi shati lake nimshikie, akanifinya shingo kwa nguvu mpaka ikauma.

Mechi yenyewe tulifungwa vibaya. Kaka alipata alama sita mara mbili, kutoka mbali ajabu, na watu wa shule ile wakapiga makofi. Lakini kila mpira wa juu ulipomjia, alisahau kwamba ana mikono akaupiga kichwa, kama alivyozoea tangu utoto. Yai likipigwa kichwa linaenda wapi? Lilienda kwa adui kila mara. Baada ya mara ya nne Kocha alimgeukia karani, akamuuliza ile mikono aliyoiandika iko wapi. Karani akanionyesha mimi, nimeketi kwenye nyasi na shati la kaka mapajani. Kocha alinitazama kwa muda mrefu, akafumba macho.

Jumatatu niliingia ofisini nimevaa vizuri, ili nikifukuzwa nifukuzwe nikiwa nadhifu. Mwalimu mkuu aliniuliza yote, nikamwambia yote, barua, baba, kaka na vitanda. Aliuliza kwa nini sikusema mapema. Nikajibu kwamba niliogopa kusindikizwa getini. Alichezea rula. Kisha akasema yule wa mwaka jana alikamatwa, mimi nimejileta mwenyewe, na kwamba fomu za mtihani zilikuwa ziende wiki hiyo.

"Ungefaulu," akasema, "angefaulu kaka yako. Wewe ungebaki hujasoma mpaka ufe."

Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe. Alifungua rejista ya darasa, akaweka rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina la kaka, akanigeuzia daftari na kunipa kalamu. Niliandika jina langu juu ya mstari ule. Lilipinda, na wino ukachafua nafasi ya jirani. Kisha akanichapa viboko viwili kwa ajili ya uongo wa miaka miwili, kimoja kwa kila mwaka, nami nikavipokea kwa moyo mweupe. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa kushukuru, na sijui kama niliwahi kupumua vizuri kama asubuhi ile.

Muhula ulipokwisha nilileta ripoti nyumbani. Kaka alisimama mlangoni kama kawaida, vumbi la mbao kwenye nywele, akaanza na jina. Alilisoma taratibu, herufi kwa herufi, mara mbili. Akashuka na kidole mpaka kwenye hesabu, ambayo haikuwa imebadilika. Nilingoja atikise kichwa.

"Afadhali," akasema, akanirudishia karatasi. "Sasa hii ni yako."