Diploma ya Papa Shekinah

Mimi nilikuwepo, kwa hiyo mtu asije kunisimulia. Papa Shekinah alikuwa amekaa kwenye stuli hapa dukani kwangu, Troyeville, Johannesburg, anangoja nimalize kumshonea kola ya yunifomu yake ya ulinzi, simu ikalia. Akaweka spika. Anapenda watu wasikie akipigiwa na wakubwa.

Jina lake Damien, mtu wa Bukavu kama mimi. Analinda geti la jengo moja huko Braamfontein, na kutwa anawatazama wanafunzi wa chuo kikuu wakipita mbele yake. Binti yake Shekinah alitaka kuwa mmoja wao. Uhandisi wa umeme, basi, kingine hataki. Fizikia yake ilikuwa ya kuchechemea, lakini shule yao ilikuwa imepatana na chuo cha ufundi: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasome kule Jumamosi, halafu chuo kikuu kiyahesabu masomo hayo. Wenzake wakija kwangu kupima magauni, yeye yuko kule na nyaya zake. Akafaulu vizuri sana. Chuo kikuu kikamwambia masomo hayo yataziba pengo la fizikia, ila watapiga simu kuhakikisha. Simu yake ilikuwa imeibwa, akatoa namba ya baba.

Sasa sikiliza. Kwetu Kongo, ukimaliza sekondari ukafaulu mtihani wa taifa, hiyo ndiyo diploma. Unamwagiwa poda kichwani na mtaa mzima unaimba. Matokeo ya Shekinah yalipotoka, Damien alimmwagia poda ya watoto hapo barabarani, majirani Wazulu wakashangaa tumepatwa na nini.

Basi, kwenye simu mama wa chuo kikuu akauliza kwa Kiingereza: "Shekinah ana yale masomo ya chuo cha ufundi tu, au tayari ana diploma?"

Damien akasimama. "Diploma? Anayo, mama! Imetoka Januari!"

"Una hakika, baba?"

"Nimemmwagia poda mimi mwenyewe!"

Yule mama akacheka, akashukuru, akakata. Nami nikapiga vigelegele hapo kwenye cherehani.

Kumbe hapa Afrika Kusini diploma ni kitu kingine kabisa, unaisomea miaka chuoni baada ya sekondari. Yule mama akaliondoa ombi la Shekinah kwa wanafunzi wapya, akalipeleka kwa wenye diploma. Kule wakaitafuta hiyo diploma, hawakuiona, wakalikataa.

Baba na binti wakakimbilia Braamfontein. Kijana wa dirishani aliwasikiliza, kosa akalielewa, hata akasikitika. Lakini nafasi za wanafunzi wapya zilikuwa zimejaa. Na ule mpango wa Jumamosi ulikuwa wa majaribio, mwaka ule tu. Mwakani masomo yale hayahesabiwi tena, mtoto anabaki na fizikia yake inayochechemea.

"Mama Exaucé," Damien akaniambia aliporudi, "nimemuua mtoto wangu."

"Koma! Usiseme hivyo!" nikamkemea. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Yule mama? Aliuliza mara mbili, maskini. Damien? Alisema ukweli, ila ukweli wa kwetu. Eish! Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini hapa mdomo wa baba umeponza kichwa cha mtoto.

Ndipo akanieleza ya kwenye basi. Lazima ujue, Shekinah kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, hata baba yake. Miaka yote Damien alimbembeleza, akamgombeza, akamwombea kanisani, mtoto aseme lugha ya nyumbani. Wapi!

Kwenye basi Damien alimwomba msamaha. Shekinah alikuwa anatazama nje. Akageuka, akamshika mkono, akasema polepole, akitafuta kila neno, kama mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Papa, haina neno."

Damien akafurahi kidogo kusikia Kiswahili, halafu akaelewa: mtoto hakiamini tena Kiingereza cha baba yake. Akalia mbele ya abiria wote.

Tangu siku hiyo mtoto hamsemeshi baba yake Kiingereza tena, hata salamu.