Mtu wa Mayi

Miaka ile ya uasi, Uvira ilikuwa na mabwana wawili. Mjini walitawala askari wa waasi, na milimani walikuwa wapiganaji waliojinyunyizia maji ya dawa, wakiamini kwamba risasi haziwezi kuwaingia. Tuliwaita watu wa mayi, yaani maji, tena kwa sauti ya chini. Ukimwita jirani yako hivyo mbele ya askari, umemchimbia kaburi.

Mimi vita vyangu vilikuwa vingine. Nilikuwa mshonaji, na nilikuwa mlevi. Mwanamke mlevi hujificha kuliko mwizi: kanyanga yangu, pombe kali ya kienyeji, niliiweka ndani ya kopo la mafuta ya cherehani, nikajiona mjanja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi moja mikono ilitetemeka hata sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole changu, ukucha na nyama pamoja.

Muuguzi wa zahanati alinifunga bendeji huku akinusa.

"Mama, kidonda yako haiko ku kidole," aliniambia taratibu. "Kule Nyamianda, nyuma ya kanisa, kuko bantu benye banakutanaka kila mercredi, saa munane. Banaacha pombe. Uende."

Nilimtukana kimoyomoyo. Lakini wiki ile ile binti yangu alinikuta nikinyonya kitambaa cha mteja kilichomwagikiwa kanyanga. Jumatano nikaenda.

Tulikuwa sita. Aliyetuongoza alikuwa mama aliyewahi kupika kanyanga yeye mwenyewe, na nusu yetu tulikuwa wateja wake wa zamani. Kulikuwa na mfugaji wa Bijombo, Mprotestanti aliyejificha kuliko hata mimi, na mkulima wa Katogota aliyesali rozari kwa Kirundi kabla ya kufungua kinywa. Huko nje, miaka ile, vita vikiwa vimeyagombanisha makabila yao, watu hao wawili wasingesalimiana. Mle ndani walikaa benchi moja.

Kila mkutano ulitakiwa kuwa na ruhusa ya kamanda, na sisi hatukuwa nayo. Kwa hiyo neno mkutano hatukulitamka kamwe. Mama yule aliyetuongoza alichota maji kwenye ndoo, akampa kila mmoja kikombe na kumuuliza, "Unakunywa nini?" Ulijibu, "Minye nakunywa mayi," ukanywa, ukaeleza ukweli wa wiki yako. Haukupita muda tukaanza kuitana watu wa mayi, kwa mzaha. Upumbavu mtupu! Watu sita wazima, na hakuna hata mmoja aliyeona tulichokuwa tunakichezea.

Jumatano yangu ya nne nilikuta bariyeri mpya njiani, kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Askari walikuwa wawili.

"Unaenda wapi?"

"Nyamianda, shefu."

"Kufanya nini?"

Mikono ikaanza mambo yake.

"Unatetemeka juu ya nini? Umekunywa?"

Nilikuwa na siku ishirini na tano bila tone, tangu binti yangu aliponikuta na kile kitambaa. Nilijivunia siku zile kama mtu anavyojivunia mtoto aliyefaulu mtihani, na majivuno ndiyo yaliyojibu: "Hapana, shefu. Minye niko mutu wa mayi."

Neno lilikuwa limetoka. Askari kijana aliruka nyuma na bunduki yake ikanielekea tumboni. Nilijikojolea pale pale barabarani. Nikalia, nikaeleza: kanyanga, kidole, kuacha, maji ya kunywa tu, shefu, maji ya kunywa! Kuhusu wenzangu sikusema kitu, si kwa ushujaa, ila hakuna aliyeniuliza.

Yule mkubwa akatoa chupa ya kanyanga mfukoni.

"Benye dawa habapokeaka kitu ku mukono ya mutu ingine," akasema. "Kama uko mulevi kweli, pokea. Fundo moja tu, tuone."

Nikapokea. Nikanywa. Akatikisa kichwa.

"Sawa. Pita."

Bunduki ilishuka, kamba ikalegezwa, njia ikawa nyeupe. Sikupita. Nilinyoosha mkono tena. "Shefu, ongeza kidogo." Walicheka hata yule kijana akakaa chini. Wakaniachia nikaimaliza.

Nilifika Nyamianda nimechelewa, nanuka. Niliwaeleza bariyeri, neno, bunduki, chupa. Wote wakashika vichwa. Neno lile, tulikubaliana, lisitamkwe tena.

"Pole, mama," akasema mfugaji. "Ni bunduki njo ilikukunywesha."

"Iyo haihesabiwe," akaongeza mama aliyetuongoza. "Siku zako ziendelee tu."

Mkulima wa Katogota alikuwa tayari ananisogezea nafasi kwenye benchi. Walinirudishia siku zangu zote ishirini na tano, kwa huruma, na mimi nikahisi hofu ambayo hata mdomo wa bunduki haukunipa. Kule niliogopa kufa. Hapa niliogopa kwamba Jumatano ijayo nitatoka nyumbani kutafuta bariyeri nyingine, na nikifika nitapewa pole tena.

Miguu ilitaka mlango. Nilibaki nimesimama.

"Fundo ya kwanza njo ya bunduki," nikasema. "Ile ingine yote, minye nilimuomba."