Mama Mkwe Ambaye Hakunituma

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya Kalamba, mwanangu, mama mkwe wangu aliponitoa jembe mkononi kwa upole. Ilikuwa siku yangu ya tatu kwake, na nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo ili aone kwamba wasichana wa kwetu Kanyangi hawaogopi shamba. Si wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi nilikuwa nimejipa mwenyewe.

"Wacha tu, mama," akaniambia. "Utachafuka. Kaa hapo kwa kiti, chai iko karibu."

Nikakaa. Nikadhani ni mapenzi.

Habari za harusi yetu umezisikia kwa marehemu baba yako, naye Kyalo alipenda kuongeza chumvi. Ukweli ni kwamba tulioana Wundanyi, juu kwenye vilima vya Taita, mbali na kwetu na mbali na kwao. Yeye alikuwa fundi wa magari Voi, mimi nilishona nguo sokoni hapo hapo. Mwaka huo mvua ilikuwa imetukimbia Ukambani, watu wanauza mbuzi wapate mahindi. Tukaona ni dhambi kuwaitisha wazee kamati ya harusi. Gauni nilishona mwenyewe, kuku tulipikiwa na mke wa mchungaji, na watu hawakujaza hata benchi mbili. Siku ile ilikuwa tamu, na sitasema vingine hata leo.

Tukaja nyumbani na picha kwenye bahasha. Mama mkwe alizitazama moja moja, akazipangusa kwa ncha ya leso, akanirudishia. "Mlipendeza," akasema. Hapo ndipo nilipogeuka mgeni, na sikujua.

Miaka ikapita bila kutumwa. Kuni sikutumwa, maji sikutumwa. Wake za shemeji zangu walikula sinia moja wakicheka, mimi nikawekewa sahani yangu na kijiko. Siku moja mbuzi waliniponyoka wakamaliza kunde zake. Mwingine angegombezwa mpaka jioni. Mimi niliambiwa, "Ni mbuzi tu, mama, usijali." Heshima nayo huweza kumfungia mtu nje, na huwezi hata kulalamika, kwa maana utamshtaki nani kwamba anakuheshimu?

Kilichonivunja ni wewe. Ulikuwa mdogo, ndio kwanza miguu imekaza. Nilikuwa nimesimama kando ya mtungi, kikombe mkononi, nikamsikia anaita kutoka uani: "We Mwende! Leta maji!" Ukanipita, ukachota, ukaenda unamwaga njia nzima. Alikugombeza kwa kumwaga, ukacheka. Nami nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Nikafunga safari hadi Kanyangi kwa mama yangu.

"Nimekosea nini, mwaitu?" nikamuuliza. "Nilimpunguzia tu gharama."

"Kwani alikuambia gharama imemshinda?"

Nikaanza kuzungusha kikombe changu mezani.

"Huyo mama hakuona ukiingia kwake," akasema. "Hakupika, hakuimba, hakusumbuka. Sasa atakujulia wapi? Na usifikiri ni yeye pekee. Kyalo akija hapa mimi humchinjia kuku kila mara. Ushawahi kusikia nikimtuma hata kufunga ng'ombe?"

Ni kweli, sijawahi kusikia, na nilikuwa nikijivunia kuku hao.

Usidhani sikujaribu. Nilirudi Kalamba, nikaketi chini karibu na meko yake, nikamwita kama nimwitavyo mama yangu mzazi, "Mwaitu, nisamehe. Niambie ungependa ile siku iwe vipi." Nafikiri alitaka kusema. Kisha akachukua birika. "Yaliyopita si ndwele," akasema, akaniongeza chai.

Alipofariki, wanawake wa boma walikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi. Niliingia nikashika mwiko. Mmoja akauchukua, akanipeleka chini ya hema, akaniletea soda. Alikuwa na nia njema. Nikainywa, mwanangu, mbele ya jeneza la mama mkwe wangu, nikiwa nimekaa na watu wa kutoka mbali.

Sasa nipo peke yangu kwenye boma hili. Baba yako amelala pale karibu na mama yake. Majirani wananiamkia kwa adabu nyingi, lakini hakuna anayekuja kuniomba chumvi. Jioni ni ndefu sana huku.

Juzi ulinipigia simu ukaniambia wewe na Musyoka mtaoana juu ya kilima cha Nzaui, watu kumi tu, chakula mtabeba wenyewe. Nilifurahi. Usikope kwa ajili ya kulisha kijiji. Mtu hujikuna mkono unapofika. Lakini ulisema mama yake Musyoka, yule wa kibanda cha matunda pale Malili, miguu yake haiwezi kilima, kwa hivyo mtamwonyesha kwa simu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nenda Malili kabla ya siku hiyo, mwanangu. Beba sukari na majani ya chai, mkono mtupu haulambwi. Usimpe habari iliyokwisha pikwa. Muulize yeye angetaka nini, kisha mpe kazi: apike, achague leso, atafute waimbaji, asumbuke apendavyo. Akikutuma, inuka. Na harusi iteremsheni chini ya kilima, mahali gari linafika. Upepo wa Nzaui unavuma hata huko chini. Gari likijaa, kiti changu mpe yeye. Mimi nilikuzaa, hata nisipokuwepo sitakusahau jina. Yeye bado hajakujua.

Nitaumia nikiikosa siku yako, sitakuficha. Nitaumia siku moja, na hiyo naiweza.

Nenda na baraka zangu. Mungu awape mvua, awape watoto wenye kelele. Na wewe, Mwende wangu, akupe mama mkwe wa kukugombeza mpaka uzeeke.