Puto la Mama Fagio

Mke wangu alikuwa mfagiaji wa shule ya sekondari. Wanafunzi walimwita Mama Fagio. Miaka kumi na tisa alizoa vipisi vya sigara nyuma ya vyoo, na kwa kipisi tu alimjua mvutaji. Hakumshtaki mtu.

Siku moja mwalimu wa afya alileta picha za mapafu meusi. Watoto wakacheka. Mama Fagio akamwambia, "Mwalimu, hizo karatasi tu. Mimi ninayo mapafu yenyewe nyumbani. Yanakula, yanakoroma."

Mapafu yenyewe ni mimi.

Akanipeleka darasani. Nikapewa puto, nilijaze kwa pumzi moja. Likainuka kidogo, likalala kama soksi. Msichana wa dawati la mbele akapuliza lake mpaka likapasuka. Vicheko!

Njiani nikasema, "Umeniaibisha, mama."

"Nimekupatia kazi. Ulikuwa umekaa tu."

Basi kila mwaka nikaitwa, kila mwaka puto likanishinda, nao wanafunzi wakaliita soksi ya mzee. Naye mke wangu alikuwa akisema, "Siku ukilijaza, nitalitundika kwenye ufagio wangu."

Mwaka jana akaondoka. Homa, siku nne. Sigara iliyokuwa mfukoni siku ya mazishi sikuiwasha. Sijawasha nyingine.

Juzi mwalimu alikuja. "Babu, somo la Mama Fagio lisife." Hakuuliza kama bado navuta, nami sikusema. Nikaenda.

Nikapuliza. Puto likajaa mpaka likanificha uso. Mwalimu akanitazama kama nimemwibia.

Kijana mmoja mrefu, wenzake humwita Dohani, yaani bomba la moshi, akapaza sauti nyuma: "Mnaona? Mzee kavuta miaka hamsini, pumzi kama ng'ombe!"

Wakashangilia. Somo la mke wangu, nimeliua mwenyewe.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mimi nimeacha sigara miezi kumi na moja sasa. Wewe?"

"Mimi sivuti, babu."

"Puliza basi."

Akapuliza. Likainuka kidogo, likalala.

"Dohani," msichana mmoja akasema, "mrudishie mzee soksi yake!"

Hata Dohani alicheka, huku anakohoa. Kengele ilipolia akanifuata mpaka getini.

"Babu, uliachaje?"

"Vibaya. Kwa pipi na hasira. Njoo nyumbani nikuonyeshe."

Puto nimelifunga kwenye ufagio wake, nyuma ya mlango. Limeanza kunywea. Dohani alikuja Jumamosi, akamaliza pipi zangu zote. Kapuliza puto lake mara tatu. Bado soksi, lakini soksi ya mtu mzima.