Marahaba Katikati ya Somo la Sayansi

Mzee wetu wa Ihembe amefariki. Habari zilinikuta sokoni Kayanga nikibishana na muuza ndizi juu ya mkungu aliodai ni wa kula, nami nikiona wazi ni wa pombe. Nilipomaliza kuongea na simu niliulipia kwa bei yake. Mwenye ndizi akashtuka, akauliza kulikoni. Nikamwambia yule mnadi wa gulio, mwenye sauti iliyouza mbuzi huku ikiwatisha, hayupo tena. Akashika kichwa. "Jamani! Aliniuzia blanketi ambalo hata sikulihitaji!" Hiyo, wasomaji wangu, ndiyo ilikuwa sifa yake wilaya nzima, na wengi wangeishia hapo kama asingestaafu.

Mkamwana wake ni mwalimu wa watoto wasioona katika shule moja ya msingi upande wa Kyerwa. Shida yake haikuwa watoto, ilikuwa vitabu. Vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole, vilikuja vichache na kwa kuchelewa, kitabu kimoja kikigombewa na vidole vya darasa zima. Siku moja akamwambia mkwewe, "Baba, hiyo sauti yako itakauka bure. Nisomee vitabu kwenye simu, niwapelekee watoto." Mzee hakuhitaji kubembelezwa. Alikaa barazani, kibanja chake cha migomba na kahawa mbele yake, njia ya watu ikipita kando ya ua, akaanza kusoma Sayansi ya darasa la saba kama anayeinadi. Figo aliisifu mpaka ukatamani kuinunua. Watoto walisikiliza kwa redio ndogo ya kuchomeka memori kadi, na kwa mara ya kwanza kitabu kizima kikawa chao, cha kurudiarudia watakavyo.

Ila njia ile ina watu, na watu wa kwetu husalimu. Akipita mtoto na dumu la maji, shikamoo; akipita mama na jembe, shikamoo; na mzee hakujua namna ya kuinyamazia salamu. Salamu zenyewe zilitoka mbali, simu haikuzinasa, lakini majibu yake yalinaswa yote. Hivyo chakula kilipokuwa kinashuka kooni kuelekea tumboni, njiani kilikutana na "Marahaba mwanangu, karibu, pita ndani!" Kwenye sura ya mimea jogoo aliwika kama aliyealikwa. Na kabla tu ya sayari, mzee alisikika akimfukuza mbuzi kwenye mibuni, kwa Kinyambo ambacho sitathubutu kukitafsiri gazetini.

Mkamwana hakucheka. Mtihani ulikuwa unakaribia, na alikuwa na binti mmoja wa Isingiro, asiyeona kabisa, mtoto wa mama anayelima vibarua. Akili ya binti ilikuwa moto, lakini akifeli hapo shule imekwisha, abaki nyumbani akimenya ndizi. Mwalimu akaona makelele yatamharibia mtoto. "Baba, rudia vyote. Funga mlango, usimwitikie mtu." Mzee akatii, akawa anasoma chumbani kama mfungwa. Ndipo jirani yake akapita, akabisha hodi, akasalimu, akasikia sauti ndani ikiendelea kueleza kazi za ini. Kufikia jioni Ihembe yote ilijua kwamba mnadi ameingiwa na kiburi. Ilibidi aende kuomba radhi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jirani, kabla hajaionja, akauliza huyo ini ni nani hasa hata aheshimiwe kuliko yeye.

Hata hivyo kilichomrudisha mzee barazani si jirani. Kadi mpya, safi, ilipofika shuleni, binti wa Isingiro aliisikiliza, akaichomoa, akaomba apelekwe kwa msomaji. Jumamosi mama yake akampakia kwenye bodaboda, mwalimu akawasindikiza. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimekwenda kutaniana na mzee kama kawaida yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umeniletea zawadi?"

"Hapana babu. Nimekuja kudai jogoo wangu."

Mzee akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Binti akatufafanulia polepole, kama unavyomwelekeza mtu asiyeona. Kitabu cha sauti hakina kurasa za kufunua. Sisi hukunja ncha ya karatasi au huangalia namba. Yeye alijua jogoo akiwika mimea imeanza, mbuzi akifukuzwa sayari zinafuata, na ikisikika marahaba chakula kinaingia tumboni. "Hii mpya ni nzuri, babu, ila napotea ndani yake. Na mtihani ndio huo unakuja." Mwalimu akainama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kadi ya zamani ikarudi kwenye redio, mzee naye akarudi barazani, na tangu hapo kila sura mpya aliianza kwa kugonga sufuria, ili anayetafuta asipotee.

Binti alifaulu. Sasa yuko sekondari, na juzi alikuja msibani. Tulikuwa tumekwisha kumzika mzee kwenye kibanja chake, tumekaa uani, alipotoa ile redio ndogo na kuibonyeza bila kusita. Sauti ya mnadi ikatoka, ikisifu meno na mate. Mjane akashtuka. Binti akageuzia uso barazani, akasubiri kidogo, kisha akapaza sauti: "Shikamoo babu!"

"Marahaba mwanangu, karibu, pita ndani!"

Tulicheka wote, jirani wa ini akiwa wa kwanza, kisha kicheko kikatushinda, nami nikalia mbele za watu bila aibu yoyote. Nilimpenda sana mzee yule, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia.

Somo nililoondoka nalo ni dogo, nalo nawapa serikali, wafadhili na sisi wote wenye huruma nyingi kuliko masikio. Kabla ya kumsafishia mtu njia, muulize kwanza yeye huifuata kwa alama gani, maana unachokifagia huenda ndicho kinachomfikisha. Mimi siku hizi naandikia barazani. Ukipita, nisalimie, na safu hii ikikatika katikati ujue nimeitika.