Nilimuuzia mama wa watu mto, akafika akaonyeshwa pazia

Wakuu, salamu kutoka Deira, Dubai.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, Mkenya wa Kakamega. Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nilipokosa nitasema nilikosa, na msinihurumie upesi.

Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi katika ofisi ya usafiri hapa mjini, mtaa wa Oud Metha. Meza yangu ilikuwa ya safari za Nile kusini mwa Misri, kutoka Luxor hadi Aswan. Ni meli kama hoteli ya ghorofa, inakwenda taratibu kati ya mahekalu ya kale.

Nilikuwa na usemi wangu kwa wateja: "Wewe unakaa juu na chai yako, historia inapita yenyewe."

Usemi huo niliutunga pale mezani. Mto sikuwahi kuuona, niliujua kwa brochure tu.

Na hapa mtacheka. Mito ya kwetu Kakamega huingia ziwani, na ziwa lile ndilo linalomwaga Nile. Yaani nilikuwa nauza maji ya nyumbani bila kuyajua.

Sasa kisa chenyewe.

Kabla ya korona walikuja wazee wawili wa Mombasa. Mzee Athmani ana duka la mapazia na mashuka hapa Deira. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa na magoti mabovu, anatembea na fimbo. Hamu ya kuuona ule mto ilikuwa ya mama.

Aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, ngazi zipo?"

Nikamjibu, "Mama, hii ni meli ya starehe. Wewe ni kukaa tu."

Sikujua kama ngazi zipo au hazipo. Ningeweza kupiga simu Luxor, dakika tano. Sikupiga. Nikawapa kabini ya chini, nikaandika "river view", yalla, mteja anayefuata.

Waliporudi, Mzee Athmani alikuja ofisini peke yake. Hakupiga kelele. Alinionyesha picha kwenye simu: dirisha la kabini, na nje ya dirisha, karibu kabisa, dirisha la meli nyingine lenye pazia la kahawia.

Nikafanya nilichofundishwa. Nikatoa karatasi ya booking, nikaweka kidole kwenye maandishi madogo ya chini. "Mzee, soma hapa. Mandhari inaweza kubadilika."

Akasoma. Akaikunja ile karatasi vizuri, akanirudishia.

"Nimesoma, bwana Barasa. Lakini mke wangu hasomi Kiingereza. Yeye alikusikiliza wewe."

Akaondoka. Mimi nikaenda kula biriani. Wakuu, sikufikiria tena.

Mwaka huu nilipostaafu, arbab wangu, mwenye ofisi, akaniambia, "Barasa, umeuza safari hii miaka yote. Nenda wewe na madam wako." Nafasi mbili, zawadi ya kuniaga. Mke wangu, Mama Nekesa, ana nyonga inayomsumbua. Naye akauliza kama ngazi zipo.

Nikamwambia ni meli ya starehe. Ndiyo, maneno yale yale. Mazoea.

Tulipofika Luxor nikaelewa kila kitu kwa nusu saa.

Meli zinafungwa gatini ubavu kwa ubavu, tano au sita. Kama yenu ni ya tano, mnapita ndani ya nne za kwanza, mnapanda na kushuka, ndipo mfike. Lifti hakuna. Kabini za chini ziko chini ya mapokezi, na kule juu penye chai kuna ngazi za kutosha kumtoa jasho kijana. Muda mwingi meli imefungwa tu, na dirisha lako linatazamana na dirisha la jirani.

Siku ya kwanza Mama Nekesa alijikaza hadi juu. Siku ya pili nyonga ikakataa.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nitapumzika."

Nikaenda. Hekalu la Edfu nikaenda, la Kom Ombo nikaenda, jioni zote nikakaa juu. Kila nikipita zile ngazi nilimkumbuka Bi Rukia, moyo ukaniuma. Nikajiapiza kwamba nikirudi Dubai nitamtafuta nimwombe radhi.

Niliporudi nilikwenda dukani. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya majora ya vitambaa. Siku hizi hatoki zaidi ya pale.

"Shikamoo mama. Mimi ni Barasa, wa ofisi ya safari."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Ala! Ndiwe uloniuzia pazia?"

Mzee Athmani akageuza uso, nikajua anaficha kicheko.

"Miaka arubaini naishi na muuza mapazia," akaendelea yule mama. "Nikasema leo nami nitoke nikaone dunia. Nikapandishwa ndege mpaka Misri, kwenda kutazama pazia. Tena baya! Kwetu hapa hata bure hatuliweki."

Nikamwambia ukweli wote, na kwamba nimetoka Misri na mke wangu. Kwamba sikujua, kwamba sikuuliza, kwamba ile karatasi nilijificha nyuma yake. "Nimekuja kuomba radhi, mama."

Akasogeza jora moja pembeni. "Haya. Keti. Nihadithie huo mto."

Nikaanza, "Meli inapita taratibu kati ya mahekalu..."

Akagonga fimbo sakafuni. "Hiyo ni karatasi yako. Nataka ulichokiona."

Basi nikamwambia. Nyati wa kufugwa wamesimama majini hadi shingoni. Mama anasugua sufuria kwa mchanga ukingoni, hainui hata uso kututazama. Wachuuzi wa mji wa Esna wanakuja na mitumbwi, wanarusha mashuka hadi juu ya meli, ukitaka kununua mnapigiana kelele za bei, usipotaka unarusha chini. Shuka moja lilimfunika Mjerumani na kahawa yake.

Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikahisi mzigo umeshuka.

Kisha akauliza, "Na mkeo alicheka vipi, shuka lilipomfunika huyo Mjerumani?"

"Mke wangu hakuliona, mama. Alikuwa chini, kwenye kabini. Nyonga."

"Siku zote?"

"Zote ila ya kwanza."

"Nawe ulikuwa juu."



Mzee Athmani akasema polepole, bila kuniangalia, "Mimi sikupanda juu, bwana Barasa. Hata siku moja. Tulilitazama lile pazia pamoja."

Bi Rukia akanipungia mkono. "Nimekusamehe, khalas. Nenda nyumbani. Umekosea mlango."

Wakuu, kutoka dukani hadi kwangu ni mwendo mfupi. Siku ile ulikuwa mrefu.

Mama Nekesa alikuwa anachambua sukuma wiki. Nikakaa karibu naye, nikamwambia nimekosa, nataka nimsimulie safari.

Hakuinua macho. "Anza na siku ya Edfu. Ulirudi ukanionyesha picha hamsini. Hukuniuliza kama nimekula."

Ni kweli. Chumba cha chakula kilikuwa juu.

Nilimwona mgeni aliyeumia miaka mingi iliyopita, wa ubavuni mwangu sikumwona. Kumjutia aliye mbali ni rahisi, maana hakudai kikombe cha chai sasa hivi.

Mama Nekesa amesema atanisamehe akiwa amekaa juu na chai yake, historia ikipita. Usemi wangu mwenyewe. Bi Rukia naye amesema akisikia meli yenye lifti atakuja, fimbo na yote.

Kwa hiyo nawauliza, mliowahi kupanda meli za Nile na wazee wenu: iko yenye lifti? Kabini ya juu, karibu na chumba cha chakula, ipo kweli? Msinitumie brochure, hizo nimezigawa mwenyewe. Niambieni mlichokiona.